Betazoli: sindano iliyopima asidi ya tumbo

Katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, aya ya 23, Paulo anamshauri mtoto wake wa imani atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomrudia. Wahubiri wengi hupita aya hiyo mbio mbio, na sote tunajua sababu. Lakini angalieni jambo lingine: Paulo hasemi Timotheo alikuwa na ugonjwa gani. Ni tumbo tu. Nasi katika makanisa yetu ya mashariki tunasema vile vile wakati wa maombi: "Mniombee, niko na tumbo." Mmoja ana kidonda. Mwingine ana minyoo. Wa tatu amemeza diklofenaki mwezi mzima kwa sababu ya magoti. Wa nne anaamini kwamba jirani alimtilia kitu katika chakula siku ya arusi. Wote wanne wanaitwa kwa jina moja.

Makala hii inaeleza habari za dawa ambayo wasomaji wengi hawajaisikia, na ambayo hamtaiona katika farmasi yoyote ya mtaa. Inaitwa betazoli. Kampuni ya Marekani Eli Lilly iliiuza kwa jina la Histalog, na ilitumika hasa katika miaka ya 1950 na 1960. Haikumponya mtu hata mmoja. Haikutengenezwa ili iponye. Daktari aliitumia kuliuliza tumbo swali moja: ukisukumwa kwa nguvu zako zote, unaweza kutoa asidi kiasi gani?

Kwanza tuielewe asidi yenyewe. Tumbo, yaani ule mfuko unaopokea chakula, hutoa maji makali yenye asidi ya kloridi, asidi ile ile ambayo mafundi huitumia kusafisha chuma. Daktari Mwingereza William Prout ndiye aliyeitambua mwaka 1824. Kwa siku moja tumbo la mtu mzima hutoa kama lita moja na nusu au mbili za maji hayo. Asidi inaua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula, na inasaidia kuvunja nyama na maharagwe. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu limejipaka ute mzito kwa ndani. Ute huo ukipungua au ukiharibiwa, asidi inagusa nyama ya tumbo, na hapo ndipo kidonda kinapoanza.

Watu walijuaje mambo yanayotendeka ndani ya mfuko uliofungwa? Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Hakufa, lakini tundu la tumbo lake halikuziba kamwe. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtunza, kisha akaanza kulitumia lile tundu kama dirisha. Alifunga vipande vya nyama kwenye uzi wa hariri, akavishusha ndani, akavivuta baada ya saa moja au mbili ili aone vimebaki namna gani. Aliona pia kwamba mgonjwa akikasirika, tumbo lake hubadilika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833, na madaktari wanakiheshimu hadi leo. Mimi nikisoma habari hiyo namfikiria zaidi St. Martin. Alikuwa mtu maskini, akipasua kuni na kufanya kazi za nyumba kwa huyo huyo aliyempima. Alipokufa mwaka 1880, jamaa yake waliuacha mwili uoze kabla ya kuuzika, ili madaktari wasije wakauchukua. Walikuwa wamechoka na dirisha hilo.

Wagonjwa wengine hawana dirisha. Ikabidi itafutwe njia nyingine: kupitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni, na kuvuta maji yaliyomo. Shida ni kwamba asidi haitoki kwa kiasi kimoja mchana kutwa. Mtu akiwa na njaa, akisikia harufu ya samaki wa kukaanga, akiwa na hofu, kiasi kinabadilika. Ili kulinganisha mgonjwa mmoja na mwingine, lazima wote wasukumwe kwa mkono mmoja. Hapo ndipo dawa ya kupimia ilipohitajika.

Mwili una wajumbe watatu wanaoamuru tumbo litoe asidi. Wa kwanza ni mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani. Wa pili ni gastrini, inayotengenezwa na sehemu ya chini ya tumbo na kupita katika damu. Wa tatu ni histamini, inayotolewa karibu kabisa na chembe zinazotengeneza asidi. Mtaalamu wa Poland Leon Popielski alitangaza mwaka 1920 kwamba mbwa akidungwa histamini, tumbo lake hutoa asidi kwa wingi sana. Basi madaktari wakaanza kuwadunga watu pia.

Lakini histamini ina kazi nyingine mwilini. Ndiyo inayofanya ngozi ivimbe na kuwasha nyuki akikuuma. Mtu akidungwa histamini ya kutosha kulisukuma tumbo, uso unawaka, kichwa kinagonga, presha inashuka, na mwenye pumu anaweza kukosa hewa. Mwaka 1953 daktari mpasuaji wa Scotland, Andrew Kay, alieleza njia ya kupunguza mateso hayo: kwanza mgonjwa apewe dawa ya mzio, ile inayozuia histamini kuwasha ngozi, kisha apewe histamini nyingi. Mateso yalipungua, na asidi ikatoka vile vile. Lishikeni neno hili la mwisho, maana tutalirudia.

Betazoli ilikuwa njia nyingine ya kukwepa mateso hayo. Ukiihesabu katika kemia, ina vitu vile vile vya histamini na kwa idadi ile ile: kaboni 5, hidrojeni 9, naitrojeni 3. Tofauti iko katika mpangilio tu. Ni kama herufi za neno "mali": ukizipanga upya unapata "lima". Kwa mpangilio wake, betazoli ilisukuma tumbo kwa nguvu, na sehemu nyingine za mwili kwa unyonge zaidi. Uso uliweza kuwaka kidogo na kichwa kuuma, na wenye pumu waliendelea kuangaliwa kwa uangalifu, lakini kwa kawaida haikuhitaji kutanguliwa na dawa ya mzio.

Kipimo kilikwenda hivi. Mgonjwa alilala bila kula tangu jioni. Asubuhi mpira ulipitishwa puani, na maji yaliyolala tumboni yakavutwa na kutolewa. Kisha kwa saa nzima, bila kumpa dawa, walikusanya kila kilichotoka, wakibadilisha chupa kila dakika 15. Mgonjwa aliambiwa ateme mate, asiyameze, kwa sababu mate yangechanganyika na asidi na kuharibu hesabu. Baada ya hapo alidungwa betazoli, na chupa zikaendelea kujazwa, kwa kawaida saa mbili, kwa kuwa dawa hii inafanya kazi polepole kuliko histamini. Katika labo walitia tone kwa tone maji yenye nguvu iliyo kinyume na asidi, mpaka asidi iishe. Kwa kuhesabu matone waliyotumia, walijua asidi ilikuwa kiasi gani.

Hebu fikirini saa tatu za kukaa na mpira puani, njaa tumboni, ukitema mate katika bakuli. Hakuna aliyekwenda huko kwa furaha. Lakini majibu yake yalikuwa na thamani, hasa kwa wagonjwa wa aina mbili.

Aina ya kwanza ni wale ambao tumbo lao halikutoa asidi hata baada ya kusukumwa. Tumbo la namna hiyo mara nyingi limechakaa kwa ndani. Linakosa pia kitu kinachosaidia mwili kuchukua vitamini B12 kutoka katika chakula, na mgonjwa anapungukiwa damu polepole, mikono na miguu inakufa ganzi. Mtu kama huyo anaweza kunywa dawa za kuongeza damu mwaka mzima asipate nafuu, maana dawa hizo zina madini ya chuma, naye anahitaji vitamini. Kipimo kilimwonyesha daktari njia.

Aina ya pili ni kinyume chake. Mwaka 1955 wapasuaji wawili wa Marekani, Robert Zollinger na Edwin Ellison, walieleza habari za wagonjwa wawili ambao vidonda vyao vilirudi kila walipopasuliwa. Walikutwa na uvimbe katika kongosho, na baadaye ikajulikana kwamba uvimbe wa namna hiyo unamwaga gastrini katika damu usiku na mchana. Kwa mgonjwa huyo tumbo linasukumwa tayari kabla ya sindano. Saa ya kwanza, bila dawa, anatoa zaidi ya milimoli 15 za asidi, wakati watu wengi hawafiki hata 5. Ukimdunga, kinachoongezeka ni kidogo tu, kwa sababu mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Ugonjwa huo ni wa nadra sana. Na wale wengine, maelfu kwa maelfu, wenye vidonda vya kawaida? Hapo betazoli na wenzake walitoa jibu ambalo madaktari hawakulitarajia. Tangu mwaka 1910 kulikuwa na kanuni ya daktari Karl Schwarz kwamba pasipo asidi hapana kidonda. Wengi waliielewa kana kwamba inasema asidi nyingi ndiyo inayoleta kidonda. Lakini chupa zilipopimwa, wenye kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo walikuwa na asidi nyingi kwa wastani, ila wengi wao walifanana kabisa na watu wazima wa afya. Na wenye kidonda ndani ya tumbo lenyewe mara nyingi walikuwa na asidi ya kawaida, au hata pungufu. Kwa hiyo ukipewa namba ya mtu mmoja peke yake, usingeweza kusema kama ana kidonda. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilijibu lile swali moja tu ambalo madaktari walikuwa wamejua kuuliza.

Sasa turudi kwa lile neno nililowaomba mlishike. Dawa ya mzio ilizuia uso kuwaka, lakini haikuzuia asidi. Kwa nini? Mtaalamu wa Scotland James Black na wenzake, wakifanya kazi Uingereza katika kampuni ya Smith Kline & French, walifikiri kwamba histamini inabisha milango miwili tofauti mwilini, na kwamba dawa ya mzio inafunga mmoja tu. Betazoli ilikuwa ikibisha zaidi mlango ule wa pili, wa tumbo. Mwaka 1972 walitangaza kwamba wamepata kitu kinachoufunga huo wa pili. Mwaka 1976 simetidini ilianza kuuzwa Uingereza, na mwaka 1988 Black alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo wa 1988 omeprazoli ilianza kuuzwa Sweden. Hiyo haishughuliki na milango. Inazima chembe yenyewe pale asidi inapotokea. Majina haya mnayajua. Yako katika kila farmasi, kuanzia Bunia hadi Uvira, na mara nyingi yanauzwa bila karatasi ya daktari.

Simetidini iliwapunguzia wengi kisu cha mpasuaji. Hata hivyo wagonjwa waliona jambo la kusikitisha: ukiacha vidonge, baada ya miezi kidonda kinarudi. Ilikuwa kama kupangusa maji sakafuni huku paa linavuja.

Aliyeliona tundu la paa ni Robin Warren, daktari wa Perth, Australia. Mwaka 1979, akitazama kwa hadubini vipande vya tumbo la wagonjwa, aliona vijidudu vilivyopinda. Wakati huo wote waliamini kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi. Kijana Barry Marshall alijiunga naye mwaka 1981, wakajaribu kuvikuza katika labo, wakashindwa mara nyingi. Kisha ikaja Pasaka ya mwaka 1982. Kwa sababu ya siku za likizo, vyombo vya labo viliachwa siku kadhaa zaidi ya kawaida kabla ya kutazamwa. Waliporudi wakavikuta vijidudu vimekua. Shida yote ilikuwa kwamba vinakua polepole, na kila mara walikuwa wamevitupa mapema. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha vijidudu hivyo, akaugua tumbo baada ya siku chache, akathibitisha maneno yake kwa mwili wake. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu kinaitwa Helicobacter pylori, na kinaishi katika asidi kwa kutengeneza amonia inayokizunguka na kupoza ukali ulio karibu nacho.

Tangu hapo kidonda chenye kijidudu hiki kinaponywa kwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na omeprazoli, kwa wiki moja hadi mbili, na mara nyingi hakirudi tena. Betazoli ilikuwa imekwisha kustaafu. Kwanza ilikuja pentagastrini, iliyotokana na kazi ya Roderic Gregory na Hilda Tracy huko Liverpool, waliotenga gastrini safi mwaka 1964. Ilifanya kazi haraka zaidi, ikachukua nafasi yake. Kisha ikaja kamera ndogo inayoingia kwa kinywa, ambayo watu wetu wanaiita fibroskopi, na daktari akaweza kukiona kidonda kwa macho yake.

Kwa nini nimewachosha na habari hizi zote? Kwa sababu ya yule mtu wa nne niliyemtaja mwanzoni, anayeamini kwamba alitiliwa sumu.

Wachungaji wanajua ninachosema. Mtu anaanza kuumwa usiku baada ya kula kwa watu. Baada ya wiki anatapika damu. Jamaa wanakaa, jina la mtu linatajwa, mara nyingi ni mjane au mke wa kaka, na kabla ya mwezi kwisha familia mbili hazikai benchi moja kanisani. Mimi sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpa mwenzake sumu duniani. Nasema kijidudu hiki kwa kawaida kinaingia mwilini utotoni, kutoka kwa watu wa nyumba moja, kupitia kinywa, matapishi, choo, au maji machafu. Katika nchi nyingi za Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanacho. Kinaweza kukaa kimya miaka 20 au 30 kabla kidonda hakijatokea, na kwa wengi hakileti kidonda kabisa. Chakula cha arusi kinaweza kuwa ndicho kilichogusa kidonda siku ile, lakini kidonda kilikuwepo.

Na kuna sababu nyingine ambayo iko mfukoni mwetu wenyewe: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Dawa hizi zinapunguza ule ute unaolinda tumbo. Mama anayebeba mzigo mgongoni kila siku anazimeza juu ya viuno, asubuhi bila kula, na baada ya muda kidonda kinatoboa mshipa. Anatapika damu bila kuwa na historia ya maumivu. Mtu akiona jambo hilo bila kuuliza alimeza nini, ni rahisi sana kutafuta mchawi.

Juu ya maombi ya kufunga, ambayo watu wanatuuliza mara nyingi: njaa peke yake haitengenezi kidonda. Lakini mwenye kidonda kibichi, au anayekunywa dawa za kidonda, asifunge mpaka daktari amruhusu, na kiongozi wa kikundi cha maombi asimhesabie hilo kuwa udhaifu wa imani. Kama choo ni cheusi mithili ya lami, kama mtu anatapika damu au kitu kinachofanana na unga wa kahawa, kama anakonda bila sababu, au chakula hakishuki, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, sala iendelee njiani.

Katika labo nyingi za hospitali zetu kijidudu kinaweza kutafutwa kwa kipimo cha damu au cha choo. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hata ugonjwa uliokwisha pona, kwa hiyo cha choo ni bora kikipatikana. Mwenye kupimwa choo aache omeprazoli wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne kabla, la sivyo kijidudu kinaweza kujificha na jibu likasema hakipo. Asiziache mwenyewe ikiwa aliwahi kutoka damu. Amwulize kwanza aliyemwandikia. Na siku ya kwenda kwa daktari abebe katika mfuko maboksi yote ya dawa alizomeza miezi mitatu iliyopita, hata zile za kuazimwa kwa jirani, hata zile za miti shamba, na kama karatasi yake imepotea, aseme tu vidonge vilikuwa vya rangi gani.